Sura ya 6: Bakteria Hana Ubongo, Anajuaje Kuwa Dhiki Imefika?

Swali hili huulizwa na wanafunzi, huulizwa na wazazi, na hata wahudumu wa afya huliuliza. Kiumbe kisicho na ubongo, macho wala mishipa ya fahamu kinawezaje kutambua kwamba mahali kilipo pameharibika, kikabadili mwenendo wake kabla hakijafa?

Mtazame bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye kwa kifupi huitwa E. coli. Urefu wake ni kama sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita. Anaishi katika utumbo wa karibu kila mmoja wetu, na aina zake nyingi hazidhuru. Mle ndani kuna joto la nyuzi 37 na chakula kinapita kila siku. Katika maabara, akipewa joto hilo na chakula tele, hugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Kisha siku moja anatoka na choo. Anajikuta katika maji ya kisima, au juu ya kipande cha nyama kilichowekwa kwenye friji, au katika kidonda kinachooshwa kwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu. Akimezwa na mtu mwingine, anapita kwanza kwenye asidi kali ya tumbo. Mabadiliko yote hayo humjia ghafla, bila nafasi ya kujiandaa.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba bakteria ana protini zinazohisi: moja huhisi upungufu wa chuma, nyingine huhisi kemikali zinazounguza, nyingine huhisi kwamba ukuta umeharibika. Ni kweli, lakini jibu hilo linaishia njiani. Bakteria aliyekwisha kuhisi dhiki bado ana kazi nyingi zinazoendelea ndani yake, kazi zilizoanza wakati wa neema, na kila moja inakula akiba. Asipozisimamisha upesi, atakufa akiwa anajua kabisa kilichompata. Vitu vinavyofanya kazi hiyo ya kusimamisha ni vidogo sana, na wanasayansi waliviacha bila kuvitilia maanani kwa miaka mingi. Vinaitwa RNA ndogo.

Maagizo yaliyokwisha kutoka

Maelekezo yote ya kumjenga bakteria yamo katika DNA, uzi mrefu wa kemikali ambao kwa E. coli una takriban herufi milioni 4.6. Kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani ndicho jeni. Jeni haitumiki moja kwa moja. Kwanza hunakiliwa kwenye uzi mfupi wa muda uitwao RNA, na nakala hiyo, ambayo tutaiita RNA mjumbe, husomwa na ribosomu. Ribosomu ni mtambo wa seli unaofuata herufi za RNA mjumbe na kuunda protini. Protini nazo ndizo hufanya karibu kila kazi: kuvunja sukari, kujenga ukuta, kuingiza na kutoa vitu.

Fikiria jiko la hoteli saa saba mchana. Wahudumu wanaandika oda kwenye vikaratasi, wanavitundika jikoni, mpishi anasoma na kupika. Mara gesi inakaribia kwisha. Meneja anawaambia wahudumu wasipokee tena oda za maharage na makongoro, vyakula vinavyokula gesi. Sawa, lakini vikaratasi vilivyokwisha kutundikwa bado vipo, na mpishi bado anapika. Lazima mtu aingie jikoni avichomoe.

Protini zinazokaa juu ya DNA na kuzuia jeni isinakiliwe zinafanya kazi ya yule meneja. RNA ndogo ndizo zinazoingia jikoni. RNA mjumbe moja kwa kawaida huishi dakika chache tu kabla ya kuvunjwa, lakini ndani ya dakika hizo inaweza kusomwa mara nyingi, na protini inayotokana nayo inaweza kudumu muda mrefu kuliko yenyewe. Kwa kiumbe ambaye maisha yake hupimwa kwa dakika, huo ni upotevu mkubwa.

Nyingi ya RNA ndogo zina herufi kati ya 50 na 300. RNA mjumbe ya protini ya kawaida ina herufi elfu moja hivi. Karibu RNA ndogo zote hazibebi maelekezo ya kutengeneza protini yoyote. Nguvu yake iko katika kushikamana. RNA ina herufi nne: A, U, G na C. A hushikana na U, na G hushikana na C. RNA ndogo huwa na kipande kifupi, pengine herufi kumi hivi, ambacho herufi zake hushikana na zile za mwanzo wa RNA mjumbe fulani, pale hasa ribosomu inapotua ili ianze kusoma. Vikishashikana, ribosomu haina pa kukaa. Mara nyingi hufuata pigo la pili: kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemikali, kiitwacho RNase E huikata ile RNA mjumbe vipandevipande.

Kukutana kwao hakuachwi kwa bahati. Katika E. coli na ndugu zake wengi kuna protini yenye umbo la pete, iliyoundwa kwa vipande sita vinavyofanana, iitwayo Hfq. Hiyo hushika RNA ndogo isivunjwe ovyo, na huisogeza karibu na RNA mjumbe inayolengwa. Hfq iligunduliwa mwaka 1968 na watu waliokuwa wakichunguza kirusi kinachoshambulia E. coli. Ilichukua miongo kadhaa kabla haijaeleweka kwamba kwa bakteria mwenyewe ni protini ya maana kiasi hiki.

Kuna faida nyingine, ambayo naiona kuwa ndiyo kiini cha jambo zima: wepesi. Ili protini mpya ianze kazi, lazima jeni inakiliwe, nakala isomwe, protini iundwe na ijikunje ipate umbo lake. RNA ndogo ikishanakiliwa iko tayari. Herufi tisini hunakiliwa kwa sekunde chache.

> Kwa ufupi: Protini zinazokaa juu ya DNA huzuia maagizo mapya yasitoke. RNA ndogo hushughulikia maagizo yaliyokwisha kutoka, kwa kushikamana na RNA mjumbe ili isisomwe, na mara nyingi kusababisha ivunjwe.

Chuma kinapoadimika

Mfano bora wa kazi hii ni RNA ndogo iitwayo RyhB, yenye herufi 90 hivi. Habari yake inaanza na chuma.

Bakteria wengi hawawezi kuishi bila madini ya chuma. Vimeng'enya vinavyowapatia nguvu kutokana na chakula vina chembe za chuma katikati yake. Mwili wa binadamu nao umejifunza kukificha. Katika damu, chuma hubebwa na protini iitwayo transferini inayokishika kwa nguvu sana. Katika maziwa ya mama, machozi na mate kuna ndugu yake, laktoferini. Kwa hiyo bakteria anayeingia mwilini hukuta chuma kipo, lakini kimefungiwa. Kuvinyima vijidudu chuma ni mojawapo ya kinga za kale kabisa za miili yetu.

E. coli huhisi chuma kwa protini iitwayo Fur. Chuma kikiwa tele, Fur hukishika, kisha hukaa juu ya DNA na kuzima jeni za kutafuta chuma, maana hazihitajiki. Chuma kikipungua, Fur huachia, na jeni hizo huwaka. Hadi hapo hakuna fumbo.

Fumbo lilikuwa upande wa pili. Kulikuwa na jeni nyingine, za vimeng'enya vinavyotumia chuma, ambazo zilionekana kuwashwa na Fur. Fur ni mzimaji. Inawezekanaje izime huku na kuwasha kule? Watafiti walilijadili hilo kwa muda mrefu, na mwaka 2002 Eric Massé na Susan Gottesman, wakifanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani huko Bethesda, walionyesha jibu. Fur haiwashi kitu. Inachofanya ni kuizima RyhB, na RyhB ndiyo inayoziharibu RNA mjumbe za vimeng'enya vile. Kwa hiyo chuma kikiwepo, Fur inaizima RyhB, na vimeng'enya vinatengenezwa. Chuma kikikosekana, RyhB inaachiliwa, inasambaa katika seli, na maagizo ya kutengeneza vitumia chuma yanafutwa moja baada ya jingine. Kazi iliyofuata miaka mitatu baadaye ilihesabu zaidi ya jeni 50 zinazopunguzwa kwa njia hii. Zote hizo zinaguswa na uzi mmoja wa herufi tisini!

Angalia kinachookolewa. Kila kimeng'enya kisichotengenezwa kinaacha chembe za chuma kwa ajili ya kazi ambazo bakteria hawezi kuziahirisha, kama kutengeneza herufi za DNA. Na RyhB haifuti kwa upofu. E. coli ana vimeng'enya viwili vya kumkinga dhidi ya aina ya oksijeni inayounguza seli: kimoja hutumia chuma, kingine hutumia manganizi. Chuma kikiisha, RyhB hufuta agizo la kile cha chuma, na wakati huohuo kuachia kwa Fur huruhusu kile cha manganizi kiongezeke. Kinga inabaki, ila imehamia kwenye madini mengine. Tena kuna RNA mjumbe ambayo RyhB huisaidia isomwe zaidi, nayo huchangia kutengeneza kemikali ambayo bakteria huitoa nje ili ikanase chuma na kumletea.

Jambo moja zaidi linastahili kutajwa, kwa sababu linaeleza jinsi hali inavyorudi kuwa ya kawaida. RyhB inaposhikamana na RNA mjumbe, mara nyingi zote mbili huvunjwa pamoja. Kila moja inatumika na kuisha. Chuma kikirudi na Fur ikaizima jeni ya RyhB, zilizobaki humalizika ndani ya dakika chache, na vimeng'enya vinaanza kutengenezwa tena.

Ugomvi huu wa chuma unatuhusu katika Afrika Mashariki kwa namna ya moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto wa Kenya walioanza kula wakiwa na miezi sita, wakipewa uji uliochanganywa na unga wa virutubishi wenye chuma. Bakteria wa kundi la E. coli, wakiwemo wanaoleta maradhi, waliongezeka katika utumbo wao, na dalili za uvimbe wa utumbo ziliongezeka pia. Kile ambacho laktoferini ya maziwa ya mama ilikuwa ikikifungia kilikuwa kimefika utumboni kwa wingi kuliko mtoto anavyoweza kukifyonza. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba mtoto mwenye upungufu wa damu anyimwe chuma. Upungufu huo unadumaza ubongo na mwili, na lazima utibiwe. Matokeo hayo yamewafanya wataalamu wa lishe wafikirie upya kiasi kinachowekwa, na aina ya chuma yenyewe.

Baridi, povu na sukari

Chuma ni dhiki moja tu. E. coli ana RNA ndogo kwa dhiki nyingi, na baadhi yake zinatushangaza kwa namna zinavyofanya kazi.

- Baridi. DsrA huongezeka joto linaposhuka hadi nyuzi 25 au chini yake.
- Haidrojeni peroksaidi. OxyS, yenye herufi 109, huwaka mara tu kemikali hiyo inapoanza kuunguza seli. Ilielezwa mwaka 1997.
- Utando wa nje ulioharibika. RybB na MicA husimamisha utengenezaji wa protini za utando huo hadi zile zilizokunjika vibaya zipungue.
- Sukari iliyokwama. SgrS hushughulikia glukosi iliyoingia kwa wingi kuliko seli inavyoweza kuitumia.

DsrA inafaa kuangaliwa kwa sababu inafanya kinyume cha kufuta. Kuna protini iitwayo RpoS ambayo huongoza mamia ya jeni za kuvumilia hali ngumu. RNA mjumbe yake hutengenezwa hata siku za kawaida, lakini mwanzo wake hujikunja wenyewe na kuficha mahali ribosomu inapotua. Agizo lipo, ila halisomeki. Baridi inapokuja, DsrA hushikamana na sehemu ile iliyojikunja, inaifungua, na ribosomu inapata nafasi. RNA ndogo nyingine mbili zinazojulikana, RprA na ArcZ, hufanya kitu hichohicho kwa sababu za dhiki tofauti. Kwa hiyo njia kadhaa za taabu zinaishia kwenye agizo lilelile moja.

OxyS nayo, kama ilivyobainika baadaye, humsimamisha bakteria asigawanyike kwa muda. Peroksaidi huharibu DNA, na bakteria anayegawanyika na DNA iliyovunjika huwaachia watoto wake uharibifu. Anakarabati kwanza, kisha anaendelea.

Kuhusu sukari, wengi hawaamini kwamba inaweza kuwa sumu kwa bakteria. Glukosi inapoingia hutiwa kipande cha fosfati papo hapo. Kama hatua zinazofuata za kuivunja zimekwama, glukosi hiyo yenye fosfati hurundikana na kumdhuru. SgrS hufuta RNA mjumbe ya protini inayoingiza glukosi. Lakini milango iliyokwisha kujengwa kwenye utando wa seli bado iko wazi, na hapo SgrS inavunja kanuni niliyoitaja mwanzoni: ndani yake imebeba maelekezo ya protini ndogo ya viungo 43 tu, ambayo huenda kuizuia milango hiyo.

Kwa nini hazikuonekana mapema?

Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walipoeleza jinsi jeni zinavyozimwa, walidhani kwamba kizimaji chenyewe huenda ni RNA. Miaka michache baadaye kizimaji walichokuwa wakikichunguza kilipatikana, na kilikuwa protini. Tangu hapo macho ya watafiti yalielekea kwenye protini.

Jeni za RNA ndogo nazo zilikuwa rahisi kupitwa. Ni fupi, kwa hiyo mabadiliko ya nasibu katika DNA mara chache huziangukia. Hazina alama zinazoonyesha mwanzo na mwisho wa protini, kwa hiyo kompyuta zilizofundishwa kutafuta jeni za protini zilizihesabu kama nafasi tupu. RNA ndogo moja ya E. coli, iitwayo 6S, ilionekana mwaka 1967, lakini kazi yake ilikuja kujulikana mwaka 2000. Mwaka 1984 kikundi cha Masayori Inouye nchini Marekani kilikuta kipande cha DNA ambacho, kikiongezwa nakala nyingi ndani ya bakteria, kilizuia protini fulani ya utando wa nje isitengenezwe. Waliiita RNA yake MicF. Kwa miaka mingi iliendelea kutajwa kama kioja.

Mambo yalibadilika mwaka 2001, vikundi vitatu vya watafiti vilipotangaza, karibu kwa wakati mmoja, kwamba vimetafuta katika zile nafasi tupu kati ya jeni. Njia mojawapo ilikuwa kulinganisha E. coli na jamaa zake kama Salmonela: kama herufi za mahali panapodhaniwa kuwa patupu zimebaki vilevile kwa jamaa hao wote, basi kuna sababu ya kutobadilika. RNA ndogo zikaanza kupatikana kwa makumi. Wanyama wana nyuzi za namna yao za RNA fupi, na ugunduzi wa kwanza wa hizo, katika mnyoo mdogo mwaka 1993, uliwapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel mwaka 2024. MicF ilitangulia kwa miaka tisa.

Dawa inapokuta mlango umepunguzwa

Turudi kwa MicF, kwa sababu inagusa wodi za hospitali. Protini inayoizuia inaitwa OmpF, nayo ni tundu katika utando wa nje wa E. coli. Maji na chakula hupitia humo, na dawa nyingi za antibiotiki, kama ampisilini na tetrasaiklini, hupitia humohumo. Katika mazingira yenye chumvi nyingi, kama utumbo, MicF husaidia kupunguza matundu hayo na bakteria hutegemea zaidi matundu membamba. Hufanya hivyo pia akikutana na baadhi ya kemikali. Katika majaribio ya maabara, salisilati, kemikali ya ukoo mmoja na aspirini, huamsha protini inayoongeza MicF. OmpF hupungua, na bakteria huvumilia kiasi cha antibiotiki ambacho kabla ya hapo kingemzuia.

Hakuna herufi hata moja ya DNA yake iliyobadilika. Huo si usugu anaozaliwa nao wala anaoupata kwa jirani. Ni hali, na huondoka kemikali ikiondoka. Kwa sababu hiyo naona kipimo cha maabara, muhimu kama kilivyo, kinapaswa kusomwa kwa kukumbuka mahali bakteria alipopimwa. Maabara duniani kote huwapima bakteria katika chakula cha aina moja, kiitwacho Mueller-Hinton, kwenye joto la nyuzi 35 hivi, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Chakula hicho kina chuma cha kutosha. Katika damu na mkojo, chuma anachoweza kukipata ni kidogo sana.

Dawa moja imelazimisha tofauti hiyo izingatiwe. Sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa maambukizi magumu ya njia ya mkojo, hushikamana na chuma, na bakteria mwenye njaa ya chuma huivuta ndani mwenyewe kupitia milango anayoifungua Fur inapoachia. Akipimwa katika chakula chenye chuma tele, milango hiyo ni michache, na dawa huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Ndiyo maana kipimo chake cha majimaji hufanywa katika Mueller-Hinton iliyoondolewa chuma kwanza, ili bakteria apimwe akiwa katika dhiki anayoikuta ndani ya mgonjwa.